Gari la Ndoto au Gari Ulilowahi Kuwa Nalo: Ukiwa na Nafasi ya Moja Tu

Gari la kwendea kazini halina ulinganisho mgumu. Unaangalia linakunywa mafuta kiasi gani, spea zinapatikana vipi, buti linabeba nini, basi umemaliza. Kazi inaanza pale mtu anapopata nafasi ya gari la pili, la moyo. Hapo yuko anayetaka gari ambalo hajawahi kulimiliki lakini amelitamani tangu shule, na yuko anayetaka kurudia lile alilokuwa nalo, akaliuza, na hadi leo akiona la aina yake barabarani lazima ageuze shingo. Ninaowaandikia ni wale waliokwama katikati: pesa ya moja, nafasi ya kuegesha moja, moyo uko kwa mawili.

Niseme mapema ninakoegemea. Gari la ndoto tunalijua kwa nje. Gari tulilowahi kulimiliki tunalijua kwa ndani. Na gari likishakuwa lako, wewe utakuwa ndani na wapita njia ndio watakaofaidi umbo. Wanunuzi wengi huangushwa na tofauti hii, wa upande huu na wa upande ule.

Ndoto ukiikalia

Chukua Lamborghini Countach. Lilionyeshwa Geneva mwaka 1971, likaanza kuuzwa 1974 na kuundwa hadi 1990, na picha zake zilibandikwa ukutani na watoto ambao wengi wao hawajawahi hata kulisikia likipita. Milango inainuka kwenda juu, pua imelala chini, tairi za nyuma pana ajabu. Sasa ingia. Kioo cha mlango hakishuki chote, kinafunguka kipande tu. Injini ya silinda 12 iko nyuma ya mabega yako na joto lake unalipata. Ukitaka kurudi rivasi, kioo cha nyuma hakikusaidii kitu. Wanaolijua gari hili hufungua mlango, huketi juu ya kizingiti, mguu kwenye pedali na kichwa nje, ndipo warudi taratibu. Mara ya kwanza inachekesha. Kila unapoegesha, ni adhabu.

Mercedes-Benz 300 SL la milango ya mabawa, lililoundwa kati ya 1954 na 1957 na kuishia magari 1,400, ni hadithi ile ile kwa adabu zaidi. Fremu yake ya mabomba inapita ubavuni, ndiyo maana kizingiti kiko juu na mlango ukalazimika kufunguka kuelekea mbinguni. Usukani inabidi uulaze ndipo mapaja yapite. Vioo vya milangoni havishuki, vinatolewa. Siku ya jua kali humo ndani utaelewa kwa nini wamiliki wengine wanaridhika kulitazama likiwa limeegeshwa.

Jaguar E-Type ndilo linaloeleza jambo hili vizuri kuliko yote. Lilitoka 1961 na injini ya lita 3.8, na watu wakarukwa na akili kwa boneti lile refu. Mwaka 1964 ikaja injini ya lita 4.2. Kwa nje, asiye mjuzi hatofautishi hayo mawili. Kwa ndani ni magari mawili kabisa: la mwanzo lina gia namba moja isiyo na sinkro, kwa hiyo usiiingize gari likiwa bado linatembea isipokuwa unapenda kelele za chuma, na viti vyake vinamchosha mtu mrefu kabla hajafika popote. La 4.2 lina gia zinazoingia zote, viti vya kukalika na breki zenye nafuu. Mwenye kununua picha atalipia zaidi kupata la mapema. Mwenye kutaka kuendesha atalitafuta la 1964 kwenda mbele na hatajuta.

Zipo ndoto zilizojengwa kuanzia ndani, na hizo nazitetea kwa nguvu zote. Mazda MX-5, lililozinduliwa Chicago mwaka 1989, halitishi mtu kwa nje. Ni dogo, lina taa za kuchomoza, basi. Lakini wahandisi walihangaika na gia fupi inayoingia kwa kusukuma kiganja tu, uzito uliogawanyika karibu sawa mbele na nyuma, na paa unaloweza kulikunja kwa mkono mmoja ukiwa umeketi. Aliyelitamani hakudanganywa na picha.

Porsche 911 nalo ni hivyo hivyo. Lilizinduliwa 1963 kwa jina la 901, Peugeot wakalalamika kwa sababu namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati walikuwa wanazitumia wao, likabadilishwa jina. Injini iko nyuma kabisa, silinda 6 zilizolala, na hadi 1998 ilipozwa kwa hewa na oili, si maji. Pedali zake zilikuwa zinaota kutoka sakafuni, swichi ya ufunguo iko kushoto kwa usukani, kioo cha mbele kiko wima na karibu na uso. Mtu akiniambia analitaka 911 kwa sababu ya hayo, namwambia nenda kachukue. Akiniambia analitaka kwa sababu ya mgongo wake ule wa mviringo, namwambia aazime kwanza la mtu.

Kumbukumbu nayo inadanganya

Upande wa pili hauko salama zaidi. Gari langu la kwanza lilikuwa saluni ndogo ya gia nne, na sasa hivi nikifumba macho najua mkono wa kushushia kioo cha abiria ulikuwa umelegea kiasi gani, na kwamba mlango wa nyuma kushoto ulitaka kuinuliwa kidogo kabla ya kubamizwa. Hakuna gari la ndoto ninalolijua hivyo. Tatizo ni kwamba maarifa haya yote yanahusu gari moja, na yanahusu pia mwili niliokuwa nao. Gari uliloliendesha ukiwa na mgongo wa miaka 25 lina kiti kizuri sana. Likalie leo.

Kuna jaribio ninalowapa watu. Andika mambo kumi unayoyakumbuka kuhusu gari lako la zamani, kisha kata kila jambo lenye jina la mtu au safari ndani yake. Vilivyobaki ndivyo vya gari. Ukiona vimebaki vitu kama jinsi gia ya tatu ilivyoingia, harufu ya viti, sauti ya starta asubuhi ya baridi, namna lilivyolala kwenye kona, basi unalikumbuka gari na kulitafuta kuna maana. Ukiona karatasi imebaki tupu, wapigie simu watu uliowakata. Itakugharimu kidogo zaidi.

Kwa gari la ndoto jaribio ni kinyume chake: eleza breki ya mkono iko wapi, honi inabonyezwa wapi, mwendo wa gia uko vipi. Mpenzi wa kweli wa Citroën DS, gari la 1955, hatasita. Atakuambia usukani una spoku moja, pedali ya breki ni kitufe cha mviringo sakafuni kinachotaka kuguswa tu na si kukanyagwa, na gari lenyewe linainuka polepole ukishawasha injini. Huyo amelifanyia kazi ya nyumbani, na akikuta la mwaka 1970 atajua hata kwamba mfumo wake unatumia mafuta ya kijani ya LHM, kwamba yale ya mwanzo yalitumia mekundu, na kwamba ukichanganya umeua sili zote. Anayejua umbo peke yake asubiri mwaka mwingine.

Magari ya zamani yaliyopendwa kwa ndani mara nyingi hayakuwa ya kifahari. Peugeot 504, lililotoka 1968 na kuwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, watu walililia kwa viti laini na namna lilivyozimeza barabara mbovu. Lile la familia lenye safu tatu za viti ndilo lenye wafiwa wengi zaidi. Mercedes-Benz W123, la 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, liliundwa kwa idadi ya takriban milioni 2.7. Dizeli yake ya 240 D haikuwahi kumtisha mtu kwa mwendo, nguvu farasi 72 hata baada ya kuboreshwa, lakini mlango wake ukifungwa ulitoa mlio mmoja mzito ambao aliyeuzoea hausahau. Unasubiri taa ya kupasha silinda izimike, unapiga starta, injini inagongagonga, safari. Injini hiyo inazimwa kwa mvuto wa vakyumu, na vifunga milango vya umoja vinatumia vakyumu hiyo hiyo. Ndiyo maana kuna W123 ambalo ukitoa ufunguo linaendelea kunguruma kama hujalifanya kitu, na mwenye nalo anafungua boneti na kubonyeza kishikio kilichoandikwa STOP. Mpira mmoja mdogo ndani ya mlango umepasuka. Aliyewahi kuwa nalo atacheka. Aliyeliota tu atadhani ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nao Volkswagen Kobe (Beetle), walioundwa zaidi ya milioni 21 hadi wa mwisho kutoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, wana kichekesho chao: kwa miaka mingi maji ya kuoshea kioo cha mbele yalisukumwa na upepo wa tairi la akiba. Ukiosha kioo sana, ukapata pancha, umekwisha.

Jina lile lile, gari jingine

Wengine hudhani wamepata njia ya mkato: nunua jipya lenye jina la zamani, upate ndoto na kumbukumbu pamoja. Hapa tahadhari. Land Rover Defender la zamani, ukoo ulioanza 1948, liliisha Solihull tarehe 29 Januari 2016. Lililozinduliwa 2019 halina fremu ya chesisi ile ya chini, springi zake zinajitegemea kila gurudumu, na ukiwa ndani umezungukwa na skrini. Ni gari bora kwa karibu kila kipimo. Kama ulichokikosa ni kiwiko kugonga mlango kila unapokata kona, humo hakipo. New Beetle la 1998, Kobe mpya, lilikuwa na injini ya kupozwa kwa maji mbele, juu ya jukwaa la Volkswagen Golf. Toyota Supra la 2019 lilitengenezwa kwa pamoja na BMW, ni ndugu wa Z4. Kuna wanaolikasirikia kwa hilo. Mimi naona ni gari zuri lililopewa jina zito.

Bodi kwanza, spea baadaye

Hadi hapa tumezungumzia moyo. Kinachoamua kama utalifurahia gari au litakaa limefunikwa turubai ni mambo mawili, na uzito wake unatofautiana kati ya pande hizi mbili.

Gari la kawaida ulilowahi kuwa nalo liliundwa kwa mamilioni, kwa hiyo spea za injini si shida. Adui ni kutu, kwa sababu hakuna aliyelitunza akijua kuna siku litatafutwa. Injini ya Kobe fundi mzoefu anaishusha na kuipandisha siku hiyo hiyo. Sakafu iliyooza ni kesi nyingine. Njoo na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, uipitishe chini ya milango pale panapopita mifereji ya hewa moto, kando ya magurudumu, pembe za chini za kioo. Ikiacha kushika, hapo pana puti, bati limeondoka zamani. Kisha inua kiti cha nyuma. Betri ya Kobe iko humo, tindikali yake hula sakafu chini yake, na kifuniko cha betri kisipokuwepo springi za kiti huweza kugusa ncha za betri abiria mzito akikaa. Kobe walioshika moto hivyo si wachache. Kwenye W123 angalia sehemu za kuwekea jeki, chini ya mpira wa kioo cha mbele na shimo la tairi la akiba. Ukikuta bodi nzima na injini mbovu, nunua. Bodi mbovu na injini nzuri, mshukuru mwenyewe na uondoke.

Gari la ndoto mara nyingi limetunzwa bodi, kwa sababu kila mmiliki alijua anacho nini. Hapo uliza spea na kazi. Ferrari Testarossa, ili kubadilisha mikanda ya taiming injini inashushwa yote, na mikanda hiyo huzeeka kwa miaka hata gari lisipotembea. Kwa hiyo lile "limetembea kidogo sana" analojivunia muuzaji ni habari mbaya iliyovalishwa suti. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT kwenye tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi za 2309 kwenye gari linalosemwa limefanyiwa kila kitu mwaka jana zinakuambia mengi kuliko muuzaji mwenyewe.

Magari ya Japani ya miaka ya 1990 yana balaa lake peke yake. Toyota Supra A80, lile la miaka hiyo, na Nissan Skyline GT-R R32 yana injini ngumu zinazovumilia kuongezewa nguvu, na kwa sababu hiyo karibu kila mmiliki aliziongezea. Kulipata ambalo halijachokonolewa ni kazi. Afadhali sasa watengenezaji wameona pengo: Nissan kupitia NISMO, tawi lao la magari ya michezo, walirudisha spea za R32 mwaka 2017, Toyota wakafuata 2020 kwa Supra. Kama ndoto yako iko kwenye orodha hizo, umepunguziwa mzigo. Kama ni gari lililoundwa kwa mamia tu, kila spea utaitengenezesha.

Mafuta hayapaswi kukunyima usingizi, ila jua moja. Injini nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zilikaa vizuri na petroli yenye risasi, iliyoondoka kabisa barabarani duniani mwaka 2021 Algeria ilipoacha kuiuza. Risasi hiyo ndiyo iliyokuwa inavilinda viti vya valvu ndani ya injini, kwa hiyo uliza kama vimebadilishwa. Mipira ya mafuta ya zamani nayo haipendi petroli yenye ethanoli. Badilisha yote mara moja, ni kitu rahisi kuliko moto.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali kidogo. Mkanda wa pointi tatu upo tangu 1959, kazi ya Nils Bohlin wa Volvo, lakini gari la miaka ya 1960 huenda halina mkanda wowote nyuma. Breki za ABS za kisasa, zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga ghafla, zilianza na Mercedes-Benz S-Class ya 1978 na zilichukua miaka kufika kwenye magari ya kawaida. Kama watoto watapanda kila siku, futa Kobe, futa E-Type, futa hoja yoyote utakayoniletea. Anzia kwenye magari ya katikati ya miaka ya 1980 kuja juu.

Ningechagua lipi

Kwa anayetaka kuendesha kila wiki, gari ulilowahi kuwa nalo linashinda, kwa sharti kwamba jaribio la karatasi limeacha angalau mambo matatu na sumaku imeshika kote. Unajua udhaifu wake, unajua sauti ipi ni ya kawaida na ipi ni ya kusimamisha gari, hutauziwa hofu na fundi. W123 au 504 zima litakutumikia, na likigongwa kioo cha pembeni hutalia.

Kwa anayetaka gari la mara moja moja, gari la ndoto linashinda iwapo ni la jamii ya MX-5 au 911. Kati ya hayo mawili nalichukua MX-5 bila kufikiri sana, kwa sababu 911 zinazopozwa kwa hewa zimepanda bei kiasi kwamba mwenyewe anaogopa kuliegesha, na 996 lililofuata, la kupozwa kwa maji, lina beringi ya IMS, ya shafti ya kati ndani ya injini, inayotaka kuchunguzwa kabla hujatoa hata shilingi. Ndoto za jamii ya Countach zikodi. Siku moja nzima, na mafuta yake, na picha zake.

Kuna gari moja linaloharibu ulinganisho wangu wote: Toyota Corolla AE86, la 1983 hadi 1987. Liliuzwa kama gari la kawaida la kijana, gurudumu za nyuma ndizo zinazosukuma, injini ya 4A-GE ya lita 1.6, chini ya tani moja. Aliyelimiliki wakati ule aliliuza bila kufikiri. Leo ni ndoto ya watu waliozaliwa baada ya kiwanda kuacha kuliunda. Kama lilikuwa lako, una sababu zote mbili, na bei itakukumbusha kwamba hauko peke yako.

Lile lile lenyewe

Wachache huuliza: vipi nikilitafuta lile lenyewe, si la aina yake? Inawezekana kuliko unavyodhani, kama ulihifadhi namba ya chesisi. Namba ya usajili hubadilika, ya chesisi inabaki. Tangu modeli za 1981 Marekani ilipoweka mpangilio wa herufi na tarakimu 17, ni rahisi zaidi kuifuata. Itafute kwenye risiti za zamani za gereji, mikataba ya bima, hata nyuma ya picha ya siku ulipolinunua. Vyama vya wapenzi wa aina moja ya gari huwa na madaftari ya namba hizo, na wazee wake hufurahi kuulizwa.

Ukilipata, mwenye nalo asijue mapema kwamba lilikuwa lako. Akishajua, bei inapanda hapo hapo, na wewe utailipa. Mtume rafiki aliye na sumaku na asiye na kumbukumbu, akague bodi kwanza, awashe injini ikiwa baridi, kisha akupigie simu akiwa ameshatoka nje ya geti.